Barua Iliyokataa Kulowa

Amina, Bi Hadija, na wewe Mama Juma, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, Nambilanje kulikuwaje. Nimesimulia mara tatu pale kisimani, na kila mara naacha kitu, halafu mnagombana nani kaambiwa kweli. Sasa nimeandika. Ni herufi za ngumbaru, moja moja, kwa hiyo msinilaumu mstari ukipanda mlima. Mmoja asome kwa sauti, wengine wanyamaze.

Mnajua nilitumwa nini. Mjukuu wangu Issa, niliyemlea tangu binti yangu afariki, anataka kumwoa Zainabu wa Nambilanje. Barua ya posa ilikuwa ipelekwe na mjomba wake, mwanangu Rashidi, lakini Rashidi alianguka kwenye mkorosho akipogoa, akavunja mguu. Huku nyuma Nambilanje wakatuma neno: watu wa Liwale nao wanaleta barua yao Jumamosi, kwa hiyo yenu ifike kabla ya sala ya Ijumaa, isipofika tusilaumiane. Rashidi mguu uko juu ya mto. Mwenye kuoa hajipeleki mwenyewe. Nikabaki mimi.

Nachingwea hadi Mnero

Niliondoka Jumatano asubuhi. Barua niliifunga hivi: kwanza leso nyeupe kama inavyotakiwa, halafu mfuko wa nailoni, halafu kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wake, halafu kopo ndani ya kanga, na kanga kifuani. Mimi mwenyewe sikujifunga kitu. Mtu akilowa anakauka. Barua ya posa ikilowa, ukoo mzima unaonekana hauna adabu.

Baba Shufaa wa bodaboda aliangalia mbingu akasema, "Hii haishuki leo, bibi." Ilishuka kabla hatujamaliza nyumba za mjini. Pikipiki yake ina ule mwavuli mkubwa wa kufungia mbele, na unamfunika vizuri sana yeye. Anayekaa nyuma anapata mvua yake mwenyewe na ile inayotiririka kutoka kwenye mwavuli.

"Bibi, unalowa huko nyuma?" aliniuliza.

"Silowi. Nalowana."

"Si kitu kimoja hicho?"

Nikamwambia si kitu kimoja. Kulowa ni kwa kitu kimoja: kanga imelowa, kuni zimelowa. Kulowana ni pale nguo imelowa, nawe umelowa, na haijulikani tena nani anamlowesha mwenzake. Ndivyo alivyosema marehemu mama yangu, na sijaona sababu ya kubadili. Nadhani Baba Shufaa alikuwa akilifikiria hilo, maana hapohapo alipita katikati ya dimbwi.

Mnero tulikimbilia kwenye baraza ya zahanati. Ilikuwa siku ya chanjo, foleni imejaa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi kwenye ndoo akanisogezea benchi.

"Shikamoo bibi. Pole, umelowa chapachapa."

"Marahaba mwanangu."

Pembeni alikaa mzee mmoja mwenye kidole cha bendeji. Hakuulizwa, lakini akasema neno hilo linatoka kwenye kuchapwa. Mvua ikikuchapa upande huu na upande huu, umepata chapa mbili, ndiyo chapachapa.

Muuza maandazi akamgeukia. "Babu, usidanganye watu mbele ya wagonjwa. Chapachapa ni malapa. Bibi, hebu tembea wasikie."

Nikatembea. Malapa yangu yakasema chapa, chapa, chapa, hadi mlango wa sindano na kurudi. Foleni nzima ilisikiliza, hata watoto waliokuwa wakilia. Nesi akachungulia akauliza nani anapiga gwaride kwenye baraza yake.

"Ni ushahidi," alisema muuza maandazi.

"Mbona mimi nimelowa na sina malapa?" yule mzee akauliza. Kweli alikuwa pekupeku. Mimi niliona mzee ana haki yake, lakini muuza maandazi alikuwa amenipa andazi, basi nikakaa upande wake mpaka nilipolimaliza. Kisha nikafungua kopo kidogo nikatia kidole. Leso kavu kabisa.

Mnero hadi Ruangwa, kwa gari la Mngoni

Baba Shufaa alikataa kuendelea, barabara imekuwa uji. Likapita Fuso la mahindi kutoka Songea. Dereva, Mngoni wa makamo, kipara, akasimama.

"Bibi, kabila gani wewe?"

"Mmwera."

Akacheka mpaka tumbo likapiga honi. "Mtani wangu. Panda mbele, nisije nikaulizwa na babu kwa nini nimeacha mateka wake njiani."

"Babu yako alikuja huku na mkuki," nikamwambia nikipanda. "Wewe umebakiwa na usukani, na wenyewe wa tajiri."

Tulikwenda vizuri kwa muda mfupi sana. Halafu gari likazama gurudumu la nyuma. Wakaja wanaume watatu kutoka shambani na majembe na matawi. Mngoni akaniambia nibaki ndani. Sikubaki. Siwezi kukaa juu ya gari watu wanalisukuma kana kwamba mimi ni gunia. Nikashuka, nikasimama nyuma niwaelekeze, na ndipo gurudumu lilipozunguka. Lilinipa tope lote, kuanzia kilemba hadi vidole vya miguu.

Mngoni alitoa kichwa dirishani. "Sasa hapo mtani umelowa chepechepe."

"Hilo si neno la mtu," nikamwambia. "Chepechepe ni ya ardhi. Ni jaruba la mpunga: ukikanyaga maji yanatoka, ukiinua mguu yanarudi."

"Ndiyo maana nikasema. Nikikubonyeza sasa hivi unatoa maji."

"Nibonyeze uone."

Wale wanaume watatu waliacha majembe wakasubiri waone. Hakunibonyeza. Sasa mtani hakasirikiwi, hiyo ndiyo sheria, na mimi naifuata. Nilipanda garini, nikachukua kofia yake mpya iliyokuwa mbele ya kioo, nyeupe, nikajifutia uso, shingo na masikio, nikairudisha mahali pake. Aliitazama. Midomo ilicheza lakini hakusema kitu, maana sheria ni hiyohiyo kwake pia.

Tulisubiri trekta mpaka alasiri. Mmoja wa wale wanaume alituletea mihogo ya kuchoma, na Mngoni akanichagulia kipande kisicho na mizizi. Kofia ile ingekuwa yangu ningeingia vitani, lakini yeye muhogo alinichagulia vizuri.

Ruangwa hadi Matambarale

Ruangwa nililala kwa Mwanaidi, mtoto wa dada yangu. Alipika ugali wa muhogo na kisamvu cha korosho zilizotwangwa, nikala mpaka nikaona haya kidogo. Asubuhi binti yake, yule asiyeachia simu, alitazama nguo nilizoanika akasema, "Bibi, jana ulilowa kinoma."

Nikamuuliza kinoma ni nini.

"Ni kama noma, bibi."

"Na noma?"

Akafikiri. "Noma ni noma tu."

Basi hilo sina cha kuwaeleza. Neno halina mama wala kijiji.

Alhamisi nilichukua bajaji mpaka dereva aliposema matairi yake hayana haja ya kwenda mbele zaidi, nikashuka nikatembea. Mvua ilinikuta katikati ya mashamba ya ufuta, hakuna hata mti wa kujibanza. Nilifika Matambarale nikitetemeka, nikapiga hodi nyumba ya kwanza yenye bati. Ilikuwa ya Mwalimu Asha, Mpemba aliyeolewa huku tangu zamani, sasa kastaafu.

"Masikini bibi wa watu," alisema, "umetota."

Mimi sikupenda. Nilikuwa najua kutota ni kwa mtumbwi, unaingia maji mpaka unakwenda chini. Nikamwambia, "Mwalimu, nimelowa, lakini bado naelea."

Hakucheka, alikuwa akinitafutia kanga kavu. Akanieleza kuwa kwao neno ni moja tu, la chombo na la mtu. Chombo kikipigwa na mawimbi wanakomba maji, wanakomba, na kinaendelea. Siku maji yakishinda mkono unaokomba, kimetota. Mtu naye hivyohivyo: ukiwa bado unakamua nguo, umerowa tu, ndivyo wanavyoita kulowa. Ukiacha kukamua kwa sababu haina maana tena, umetota.

Nilijiangalia. Nilikuwa nimeacha kukamua tangu kwenye ufuta. Nikamwambia basi, nimetota, aniletee chai.

Alianika vitu vyangu karibu na jiko mimi nikinywa chai ya mchaichai. Akafika kwenye kopo. Nilimwambia afungue tu, nilitaka mtu aone nilivyoitunza. Akaitoa bahasha. Ilikuwa kavu kama imetoka dukani. Akaisifu. Halafu akasoma mwandiko wa Issa, ule wa kuunganisha ambao mimi siuwezi.

"Bibi, barua hii unampelekea nani?"

"Mzee Saidi wa Nambilanje. Mjomba wa binti."

"Hapa imeandikwa kwa Mzee Bakari."

Bakari ni baba yake Zainabu. Mtu mwema, sina neno naye. Lakini nyie mnajua kwetu mtoto ni wa nani. Baba anaalikwa, mjomba ndiye anayepokea. Issa amekaa Dar es Salaam miaka miwili kwenye duka la vipuri, akaona wenzake wanavyofanya, akaandika jina la baba. Na mimi nilimsikiliza akinisomea barua ile akianzia kwenye salamu, jina akaliruka.

Mwalimu Asha alikaa chini. "Namjua Mzee Saidi. Mwaka jana alirudisha barua ya watu kwa kosa hilihili. Hakuifungua hata kidogo. Aliwaambia hapa hakuna mtu wa jina hili mwenye mpwa wa kuoza." Akaigeuza bahasha. "Nikuandikie bahasha nyingine?"

"Na ndani?"

"Ndani je?"

"Ndani lazima kaanza na jina hilohilo. Tufungue barua ya posa jikoni kwako, tuiandike upya, halafu nikaape kuwa ni mkono wa mjukuu wangu?"

Alijua kama mimi. Tulikaa tunaitazama ile bahasha, safi, imenyooka, kila herufi inaonekana. Kwa mara ya kwanza tangu Nachingwea niliona kuwa ingelowa ingekuwa afadhali.

Matambarale hadi Nambilanje

Niseme wazi kabla hamjaniuliza: sikuichovya. Ningeweza. Lakini Mzee Saidi angeniuliza imelowaje, na mimi nikiulizwa najibu. Hata hivyo hakuna anayekulazimisha kufunika kopo. Ijumaa alfajiri niliacha mfuniko kwa Mwalimu Asha, nikaacha mfuko wa nailoni, nikaweka barua juu ya mzigo wangu kichwani, leso wazi, ikitazamana na mbingu.

Jua likatoka.

Wenzangu, siku mbili nimepigwa mvua kama nimeiba. Siku hiyo niliyoitaka, mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani. Lilitokea wingu moja, zito, jeusi kwa chini. Nikapunguza mwendo. Likaenda likanyesha kwenye shamba la watu, nikiliona, nikisikia hata harufu yake, mimi sikupata tone. Nilikaribia kulikimbilia, umri wangu huu.

Mwanamke mmoja mwenye kuni akanikuta. "Bibi, barua yako itapigwa na jua," akasema, akaifunika vizuri kwa leso. Nikashukuru. Alipopotea kwenye kona nikaifunua.

Kwenye kijito nikapata tumaini. Maji yalikuwa ya kifundo, lakini mawe yanateleza, na mtu wa miaka yangu akianguka kwenye mawe hakuna wa kumuuliza kwa nini. Nikakunja kanga. Akatokea baba mmoja mkubwa, mabega kama mlango, anatoka kunyoa ndevu kwa ajili ya sala.

"Shikamoo mama. Usiguse maji, nitakubeba."

"Nitavuka mwenyewe."

"Mama, unanitia aibu. Watu wataniona nimesimama."

"Hakuna watu hapa."

"Mungu je?"

Akanibeba mgongoni, mimi na mzigo na barua, akanishusha ng'ambo kwenye nyasi kavu. Alinifuta hata vumbi kwenye mzigo. Nilimwombea dua, lakini nusu ya dua niliitoa nimeuma meno. Nimezaliwa huku, nimezeeka huku, na sijawahi kuona watu wema wengi hivyo katika asubuhi moja.

Nambilanje

Nilifika kabla ya adhana. Walikuwa wameshakaa barazani: Mzee Saidi katikati, mwembamba, fimbo katikati ya magoti. Mzee Bakari kwenye kigoda mwisho kabisa karibu na kuku. Wanawake ndani, pazia linatikisika bila upepo.

Tukasalimiana. Akaniuliza safari, nikamwambia nzito. Akaangalia malapa yangu yaliyopasuka na kanga ya kuazima, akasema, "Naona." Akanyoosha mkono.

Sikumpa. Nikasema, "Mzee, kabla hujaishika. Barua hii ina kosa. Mjukuu wangu ameandika jina lisilo lako. Hakukusudia dharau, ni ujinga wa mjini. Mimi nimejua jana. Nimetamani inyeshewe njia nzima ili usione, haikunyeshewa. Sasa nimesema."

Kuku tu ndio walioendelea na shughuli zao.

"Jina la nani?" akauliza.

"La Bakari."

Wote wakamtazama Bakari. Akasogeza kigoda nyuma kidogo, kama vile ndiye aliyeiandika.

Mzee Saidi akaipokea ile bahasha kwa vidole viwili, akaigeuza. "Mvua yote hii ya wiki nzima, imefikaje kavu namna hii?"

"Niliitunza."

"Ungeitunza kidogo tu, mama."

Akanirudishia. Nikajua yameisha. Akasema mgeni anawishwe miguu kwanza, mengine baadaye, na nyie mnajua maana ya mengine baadaye.

Zainabu akatoka na beseni la maji. Ndiyo mara ya kwanza namwona. Si mrefu, na ana macho ya mtu anayehesabu vikombe. Akapiga magoti mbele yangu, akaweka beseni chini ya miguu yangu, akasema, "Bibi, nikupokee mzigo." Akanipokea mzigo, akanipokea leso, na barua ikaanguka majini.

"Imeniponyoka," alisema. Hakumtazama mtu.

Ilielea. Niliitazama nikifikiri hata sasa inakataa.

"Itoe," alisema Mzee Saidi.

"Naitoa, mjomba." Akaishika kwa mikono miwili, akaizamisha mpaka chini, akaikamua, akaizamisha tena, kama mtu anayefua soksi za shule. Maji yakawa ya bluu. Nyuma ya pazia mtu alikohoa kwa kicheko.

Alipoitoa, Mzee Saidi akaiangalia ikining'inia. Akasema kwa Kimwera namna tunavyosema juu ya kitu kilicholowa mpaka kimesahau kilivyokuwa kikavu. Ngumbaru hawakunifundisha kuiandika, mtajisemea wenyewe. Kisha akaita, "Bakari. Unaona jina lolote hapo?"

"Sioni kitu," alisema Bakari.

"Macho yako mazima?"

"Mazima kabisa."

"Basi imeletwa kwangu." Akanigeukia. "Mama, barua yangu haisomeki. Niambie kilichomo."

Yale aliyoyaandika Issa, maua na nyota, nilikuwa nimeyasahau. Nikasema ninachokijua. Kwamba anataka kumwoa huyu binti na si mwingine. Kwamba hanywi. Kwamba ana mikorosho aliyopanda kwa mkono wake, na akikasirika hasemi, anakwenda kupalilia hata usiku. Kwamba anakoroma. Kwamba mama yake alipokufa alikuwa wa kushika kanga yangu, na tangu hapo hajaniacha nichote maji peke yangu nikiwa mgonjwa.

Mzee Saidi alichora chini kwa fimbo muda mrefu. "Barua hii nimeipokea," akasema. "Ila mpwa wangu hatoki hapa. Huyo kijana aje alime ufuta na sisi msimu mzima, tumwone. Tukiridhika ataoa, na atajenga hapa kwetu."

Nilijua atasema hivyo. Hata marehemu mume wangu alihamia kwetu hivyohivyo. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukaa pale ukiulizwa ni kingine. Wote walikuwa wakinisubiri, hata pazia lilisimama. Nikatazama mikono ya Zainabu, bado ya bluu.

"Atakuja," nikasema.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na mvua wala neno. Mngoni sikumwona.

Issa nilimweleza yote jikoni. Nilipofika kwenye habari ya beseni alicheka, nilipofika kwenye msimu mzima akatoka nje. Nikamsikia anapalilia mchicha wangu ambao haukuwa na gugu hata moja la kupalilia. Aliporudi akauliza nani atanichotea maji. Nikamwambia nimechota kabla hajazaliwa.

Ameondoka Alhamisi. Sasa mmejua yote, msiniulize tena kisimani, na mkinikuta pale na ndoo mbili msijifanye kunisaidia. Kachukua jembe jipya, la mpini wa mninga. Mimi kaniachia lile la zamani, na leo asubuhi nimeona alilinoa.